Ukuta wa Kukhu

Annah hakuwa na jua. Dirisha lake moja lilitazama mgongo wa ploti ya jirani, jengo la vyumba vya kupanga kama lao, karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kuomba chumvi. Hakuwa na oveni. Alikuwa na karai la mandazi na jiko la makaa lililovunjika sikio moja. Hakuwa na kitanda cha mtoto. Hakuwa na dada wa kumpokea mtoto akichoka. Mama mkwe, ambaye angekuja kutoka Bungoma kumkanda mgongo na kumpikia uji, alikuwa amezikwa mwezi wa Februari. Kusoma alijifunza ukubwani, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa, na tangu azaliwe hakuwa amemwandikia mtu barua.

Hayo ndiyo aliyokosa. Lakini alikuwa na ukuta.

Ukuta huo ulikuwa kando ya kitanda, chumba namba tatu, ghorofa ya chini, huko Njiru, pembeni mwa jiji. Kuta nyingine zilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Huo mmoja ulikuwa na joto. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la shuka ambayo mtu ameondoka kitandani sasa hivi. Ukiuegemea kwa mgongo, usingizi ulikuita kwa jina.

Joto lilianza mwezi wa Mei, wiki ile ile Annah alipotoka hospitalini na mtoto. Binti alizaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa na kilo moja na gramu mia nane, na vidole kama njiti za kiberiti. Akiwa bado hospitalini, Annah aliota ndoto. Mama mkwe alisimama mlangoni na kikapu cha omena kichwani. Aliinama, akaweka kiganja juu ya mtoto, akaenda zake.

Kwao Wabukusu, marehemu akija ndotoni hivyo, mtoto hupewa jina lake. Basi mtoto akaitwa Khalayi, kama nyanya yake. Walipofika nyumbani, Annah alimlaza kitandani, akagusa ukuta, na ukuta ulikuwa na joto.

"Kukhu amekuja," alimwambia mumewe. Kukhu ndilo jina la nyanya katika lugha yao.

Wasike, mumewe, alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni. Aliweka kiganja ukutani, kisha akaweka na cha pili. "Basi akae," alisema.

Na mambo mengine yalikubaliana. Joto lilipanda alfajiri, likapanda tena jioni. Marehemu alikuwa mtu wa sala za alfajiri na jioni. Kulikuwa pia na harufu hafifu ya samaki, na marehemu aliuza omena katika soko la Chwele kwa miaka thelathini. Jamani, Annah angeuliza nini zaidi?

Wasike alimwandikia baba yake, Mzee Kweyu, habari hizo. Mzee masikio yake yalikuwa yameziba. Simu kwake ilikuwa kelele tu. Lakini macho yalikuwa mazima, na alipenda barua. Jibu lake lilikuja kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya shamba. Annah alilisoma mwenyewe, neno kwa neno.

"Nimefurahi sana," mzee aliandika. "Mwambieni Khalayi kwamba hata huku nyumbani kuna baridi."

Annah alikunja karatasi hiyo, akaiweka ndani ya Biblia.

Julai ikaja na ukungu wake. Watoto wa ploti walivaa sweta mbili mbili. Annah aliusogeza mto wa Khalayi mdogo mpaka ukagusa ukuta. Upande wa miguuni, ukutani vilevile, aliweka beseni la unga, nao uliumuka kuliko unga wa mtu yeyote Njiru. Kila alfajiri mandazi yake yalitoka manene, mepesi, na tumbo tupu kama yanavyotakiwa. Watu waliuliza siri yake, naye alicheka tu.

Alhamisi moja jioni, mtu alibisha hodi. Alikuwa Shiro, msichana wa ghorofa ya tano, nywele mbichi bado kwa kuoga. Kazi yake ilikuwa kukagua mitambo ya umeme viwandani. Begani alining'iniza mkoba mweusi, mgumu kama ganda la kobe.

"Niaje, Mama Khalayi?"

"Salama, mama. Viatu viache mlangoni, nimepiga deki."

"Nataka mandazi arubaini kesho asubuhi. Wenzangu kazini wameapa nisirudi bila hayo."

"Arubaini! Wana matumbo au wana magunia?"

Shiro alicheka, akaingia. Kisha akasimama, akavuta pumzi kwa pua.

"Leo mmepika samaki?"

"Leo ni sukuma wiki."

"Lakini nasikia harufu ya samaki."

Moyo wa Annah uliruka kwa furaha. Kumbe hata mgeni anaisikia! Akamketisha Shiro kwenye kigoda, akamweleza yote: ndoto, kiganja, omena, ukuta. Alieleza polepole, kama mtu anayefungua nguo ya thamani.

Shiro hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Hilo joto hupanda saa ngapi?"

"Alfajiri na jioni. Saa za sala zake. Na wiki hii limezidi kidogo."

Shiro aliweka mkono ukutani, akauondoa. Alifungua mkoba wake taratibu. Akatoa kitu chenye umbo la tochi kubwa ya askari, na nyuma yake kioo kidogo kama cha simu.

"Hiki ni nini?" Annah aliuliza.

"Kamera ya joto. Ngoja kwanza. Weka kiganja chako karibu na jiko, hapo nje ya mlango, usiliguse. Unasikia nini?"

"Joto."

"Limefikaje mkononi, na hujagusa kitu?"

Annah alifikiri. Miaka yote amekaa mbele ya makaa, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Limeruka," alisema.

"Umesema kweli. Limeruka kwa miale. Kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo: jiko, ng'ombe, wewe, hata ukuta. Inaitwa infraredi. Jicho la mtu haliioni. Ndani ya kamera hii kuna kihisi, kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kihisi kinaipokea miale, na kioo kinaonyesha joto kwa rangi. Palipo baridi ni samawati. Palipo na joto ni njano. Palipo na joto kali ni peupe."

"Si itamdhuru mtoto, kama ile eksirei?"

"Hapana. Eksirei hutoa miale yake yenyewe. Hii haitoi kitu, inapokea tu. Ni kama sikio: halipigi kelele, linasikiliza."

"Mbona sijawahi kuona kitu kama hicho?"

"Umewahi kuona nduguye. Unakumbuka wakati wa korona, askari mlangoni alipokuelekezea kidude kwenye paji la uso? Kilikuwa kinapima miale ya joto lako. Na zile taa za nyumba za mtaa wa Donholm, zinazowaka mtu akipita getini?"

Annah alijifunika mdomo. "Shiro! Mimi taa ile niliisalimia. Nilikuwa nimepeleka mandazi. Iliponiwakia ghafla, nikasema shikamoo."

"Haikuitikia?"

"Ilizimika tu. Nikasema, watu wa Donholm wana maringo, hata taa zao."

Walicheka mpaka mtoto akajinyoosha usingizini.

"Ile taa ina kihisi kidogo," Shiro alisema. "Mtu akipita, joto lake linapita naye, na taa inajua. Sasa weka mkono wako kwenye ukuta ule baridi, wa mlangoni. Hesabu mpaka kumi. Utoe."

Annah alifanya hivyo. Ukuta ulikuwa mtupu. Lakini ndani ya kioo, mkono wake ulikuwa bado pale, wa rangi ya chungwa, vidole vitano vimetanda. Alitazama mkono wake halisi, akatazama tena kioo. Mkono wa ukutani ulififia polepole, kama mtu anayeaga kwa mbali.

"Tumeacha nyayo pia," Shiro alinong'ona.

Kweli. Kwenye sakafu ya simenti nyayo za Annah zilikuwa zimepangana, kila moja ikiwaka kidogo kisha ikizama. Annah alichukua kamera kwa mikono miwili. Nyumba yake ikageuka nchi nyingine. Jiko lilikuwa mwezi mpevu. Birika la chai lilikuwa na mstari: juu samawati, chini njano, na hivyo akajua chai imebaki nusu bila kufunua. Mtoto alikuwa kaa dogo lililofukiwa majivuni, na ncha ya pua yake tu ilikuwa samawati. Annah alisahau unga, akasahau jioni. Alitamani kuzunguka dunia nzima hivyo, akiona kila mtu alipoketi na kila mtu alipoondoka.

Ndipo akaielekeza kamera kwenye ukuta wa Kukhu.

Mstari mweupe ulishuka kutoka darini. Ulikuwa mwembamba, umenyooka. Nyuma ya mto wa mtoto kulikuwa na fundo, jeupe kabisa, lenye pete ya njano kama mbalamwezi kwenye ukungu. Annah alidhani hajawahi kuona kitu kizuri hivyo.

"Ona," alisema. "Ona alivyo mzuri."

Shiro alisoma namba kwenye kioo. Arubaini na saba. Sauti yake ilibadilika.

"Mama Khalayi, mchukue mtoto. Sasa hivi."

Annah alimnyakua mtoto. Shiro alivuta kitanda, beseni la unga na kila kitu, mpaka katikati ya chumba.

"Huo ni waya," alisema. "Hizo ni nyuzi joto arubaini na saba juu ya plasta, na kamera haioni ndani ya ukuta. Inaona tu joto lililofika nje. Huko ndani ni kali zaidi."

"Waya gani? Waya hauji na mtoto."

"Sikiliza. Ghorofa ya nne na ya tano zilijengwa juzi tu. Sisi tulihamia lini?"

Annah alikumbuka magodoro yakipandishwa ngazi. "Mei," alisema polepole.

"Mei. Vyumba kumi na viwili, na kila chumba kina shawa ya umeme. Shawa moja hula umeme mwingi kuliko taa zote za ploti hii. Umeme wote huo unapanda kwa waya huu mmoja wa zamani, uliowekwa kwa ajili ya taa na redio. Na hapo penye fundo, umeungwa vibaya. Tunaoga saa ngapi?"

Annah aliinua macho darini. Alijua. Kila alfajiri, akikaanga mandazi, alisikia maji yakimwagika juu. Na kila jioni.

"Na harufu?" aliuliza, karibu kwa kuomba.

"Plastiki ya umeme ikiungua polepole hunuka kama samaki. Nilifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika bisibisi."

Annah alimkumbatia mtoto na kuutazama ukuta kwa macho makavu. Ukuta haukuwa na rangi yoyote sasa, ila ile rangi ya maziwa iliyobambuka.

"Usinitolee Kukhu nyumbani," alisema. "Nakuomba. Huyu mtoto alikuwa kilo moja na gramu mia nane. Nani alimpa joto? Nani?"

"Mimi sijui habari za marehemu, mama," Shiro alisema kwa upole. "Najua habari za waya. Huo unaweza kuwaka kesho, au wiki ijayo, au sasa tukizungumza. Na ukiwaka, utaanzia kwenye mto wa huyu."

Annah alifumba macho. Alimtafuta mama mkwe gizani, kama alivyomwona hospitalini. Alimwona, lakini si mlangoni. Alimwona Chwele, mwaka ule yeye Annah alipoolewa, mama mkwe akiwa jikoni na ufagio mkononi. Annah, bibi harusi mgeni, alikuwa amebeba karai la makaa kwenda chumbani kwa sababu ya baridi ya mvua. Mama mkwe alisimama njiani kama mlingoti. "Mwanangu," alisema, "moto ni mgeni mkali. Mkaribishe jikoni, umpe kuni, umsifu. Lakini usimlaze chumbani."

Usimlaze chumbani.

Annah alifumbua macho.

"Swichi kuu iko wapi?" aliuliza.

"Chini ya ngazi. Ufunguo anao Ndete."

Ndete alikuwa msimamizi wa ploti, mtu wa kofia ya sufu na methali za kujitungia. Alisikiliza, akakuna shingo.

"Ukuta wa joto Julai ni bahati! Matajiri wananunua mashine za joto. Na nikizima sasa, wapangaji wako na sabuni kichwani."

"Afadhali sabuni kichwani kuliko moshi kifuani," Shiro alisema.

"Kamera, kamera... Hata simu yangu ina kamera."

Annah alisogea mbele. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na watu waliotoka vyumbani walishangaa kumsikia.

"Ndete, kitanda nimekivuta. Nafasi iko. Lete mto wako, ulale wewe kichwa kikigusa pale. Ukiamka, nitakuamini."

Ndete alitazama kwenye kioo picha aliyokuwa ameipiga Shiro, lile fundo jeupe, na kivuli cha njano cha mto mdogo kando yake. Hakusema methali. Alienda chini ya ngazi, akafungua kisanduku, akazima. Ploti nzima ikaingia gizani kwa mara moja.

"Ndete!" sauti ilipiga kelele kutoka juu. "Sabuni machoni!"

"Jipanguse na taulo!" Ndete alijibu. "Na ushukuru una macho!"

Wasike aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe nje, mlangoni kwa jirani, mtoto kifuani. Alisikia habari yote, akaingia chumbani mwao, akaweka kiganja ukutani kama siku ile ya kwanza. Ukuta ulikuwa umeanza kupoa. Alitoka, akaketi karibu na mkewe.

Kesho yake alikuja fundi Maingi, fundi wa umeme mwenye leseni. Alihakikisha kwanza umeme umezimwa, akapima, ndipo akabomoa plasta. Wapangaji walisongamana mlangoni. Ndani ya ukuta walikuta waya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu. Selotepu ilikuwa imegeuka masizi. Ngozi ya waya ilikuwa nyeusi, imekakamaa kama ukoko wa ugali. Kipande cha ubao kilichozikwa pale na mjenzi kilikuwa kimekwisha kuwa makaa.

"Mtoto alikuwa analala hapa?" Maingi aliuliza.

Annah alitikisa kichwa kukubali. Maingi alivua kofia.

Mwenye ploti alinung'unika, lakini alipoonyeshwa picha na ule ubao, akatoa pesa. Uliletwa waya mnene, wa kupita ndani ya bomba. Kila ghorofa ikapewa njia yake na swichi yake ya kujizima umeme ukizidi. Kazi hiyo ilichukua siku nne. Kwa siku nne watu wa juu walioga maji ya ndoo na kumtania Annah ngazini. Hakujali.

Shiro aliwaita wapangaji uani. "Si lazima muwe na kamera," aliwaambia. "Mna mikono na pua. Soketi ikiwa na joto, ukuta ukiwa na joto bila sababu, taa zikipepesa, au ukisikia harufu ya samaki na hujapika samaki, zima swichi kuu. Usimwage maji. Usibomoe mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni."

"Na kama nimepika samaki?" Ndete aliuliza.

"Basi niite mimi."

Kazi ilipokwisha, Shiro alileta tena kamera yake. Annah alitazama. Ukuta wote ulikuwa samawati, kutoka darini mpaka sakafuni, kama ziwa asubuhi kabla ya mtu kuchota. Machozi yalimtoka kidogo, na Shiro aligeuka akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nesi wa kliniki alimkumbusha jambo alilofundishwa hospitalini na kulisahau kwa sababu ya ukuta: mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe vizuri, avae kofia na soksi. Annah akambeba. Wasike naye, akirudi kutoka kazini, alioga akambeba. Unga aliuweka juu ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, akaufunika kwa kitambaa. Jiko la makaa halikuingia chumbani. Mandazi hayakujua tofauti. Mwisho wa Agosti, Khalayi mdogo aliwekwa kwenye mizani, akapiga mateke, na mizani ikasema kilo nne na robo.

Jambo moja lilibaki. Mzee Kweyu.

Kwao, mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, wala hamtazami usoni. Humheshimu kwa mbali. Wasike alisema ataandika yeye. "Hapana," Annah alisema. "Mimi ndiye niliyesema Kukhu amekuja. Niache niseme mimi."

Aliandika Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa, penseli kwanza, kalamu baadaye.

"Baba mpendwa, shikamoo. Tulikuambia ukuta wetu una joto la Mama, na neno hilo lilikuwa langu. Nilikosea. Ulikuwa waya mbovu, nao ungetuchoma. Niliambiwa hivyo nikakataa. Halafu nikakumbuka neno la Mama, kwamba moto usilazwe chumbani. Basi tukatoka. Sasa ukuta ni baridi na mtoto ana joto. Ulisema nyumbani kuna baridi. Baba, ukiweza, njoo. Wasike atakupokea stendi. Mtoto amejifunza kushika kidole cha mtu na hakiachi. Ndani ya barua nimetia picha. Jirani yetu aliipiga kwa kamera inayoona joto. Tuliweka mkono wa mtoto kwenye ukuta ule ule, tukauondoa, na hicho ndicho kilichobaki. Huo ni mkono wa Khalayi."

Aliitazama picha mara ya mwisho. Shiro alikuwa ameichapisha saiba, kwenye duka la kompyuta. Ulikuwa ukuta wa samawati, na katikati yake kiganja kidogo cha rangi ya chungwa, vidole vitano, kama jani lililoanguka majini.

Aliitia ndani ya barua. Alilamba gundi ya bahasha, akaipitishia kidole gumba kutoka kona mpaka kona. Akaandika jina la mzee, kwa sanduku la posta la shule ya msingi, maana watoto wa shule ndio huwapelekea wazee barua kijijini. Akabandika stempu. Kisha alimfunga Khalayi kifuani, akaenda posta, akaisukuma bahasha kwenye tundu la chuma, akasubiri mpaka akaisikia ikianguka.